Njoo Kesho

Kadi ya Mbaruku ilikufa pamoja na mkataba,
mwezi ule tanuri la chokaa Amboni lilipozimwa.
Hatukuilia. Nani hulilia plastiki?
Niliitia kwenye kopo la vifungo,
kati ya zipu mbovu na bobini,
nikaendelea na sare za shule.

Kisha nikapitisha mwezi.
Kisha wa pili.

Zahanati ya Makorora, nesi kanilaza kitandani,
akavuta futi ileile ninayovaa shingoni,
akanipima toka kinena hadi kilele cha tumbo.
“Ishirini na saba,” akaandika.
Nikageuza inchi kichwani: kumi na nusu na ushee,
kola ya mtoto wa darasa la kwanza.
Akanipa tarehe. Akanipa na orodha:
glavu, pamba, wembe, mpira wa kulalia,
uzi wa kufungia kitovu.
Uzi ninao, nikasema.
Hakucheka.
“Na pesa ya kisu uweke, kama njia itagoma.
Bima unayo?”

Dirisha la bima liko ghorofa ya pili, jirani na stesheni.
Ngazi arobaini na moja. Nilizihesabu kwa sababu ya mgongo.
Semkiwa hakunitazama usoni;
alitazama tumbo, akatazama kalenda,
akatembeza kalamu juu ya miraba kama kuku adonoaye.
“Uzazi tunalipia kuanzia siku ya tisini
tangu siku ya malipo. Wewe umebakiza themanini na saba.”
Siku tatu.
“Na nikilipa kesho?”
“Tisini itahesabiwa kutoka kesho.”
Kofi la shati lake lilikuwa limefumuka.
Nililiona. Fundi haoni kingine.

Jioni, Mabawa, kwenye upatu wetu.
Zamu yangu ya kumi na moja, wiki hii ya Zaharia,
na Zaharia kesha agiza mabati, kesha lipa arubuni.
Nikasema haja yangu nikitazama mkeka.
Bi Tunu, kijumbe, akahesabu noti mara ya pili
ili mikono yake iwe na kazi.
Mtu akakohoa. Mtoto wa mtu akaitwa bure.
Subira yavuta heri, akaanza mmoja,
na mwenzake akamfinya.

“Chukua,” akasema Zaharia.
“Nimelala chini ya makuti miaka tisa,
wiki tisa nyingine hazitaniua.
Lakini gauni la Idi unanishonea wewe, lenye marinda,
na wallahi usinambie njoo kesho.”
Hapo ndipo walipocheka wote,
na mimi nikalia, kama mjinga.

Asubuhi ngazi zilikuwa arobaini na moja tena.
Nikaweka pesa dirishani zikinuka udi wa Bi Tunu.
Risiti nikapewa. Kadi?
“Wino wa mashine umekwisha, mama. Njoo kesho.”
Halafu, kwa sauti ya chini, akiuficha mkono:
“Hili kofi, unaweza kulishona saa ngapi?”
Nikamtazama.
Neno lilinifika mdomoni lenyewe.

Sasa ni usiku, Mbaruku amelala kwa upande
kuniachia kitanda. Risiti imo koponi,
juu ya kadi iliyokufa.
Jana zilikuwa siku tatu. Leo nne.
Siku nne tu, wewe uliyemo humo ndani,
unayenipiga mbavu kama unagonga mlango wa duka.
Sikuombi uwe na akili kama za babu yako,
wala sura ya baba yako.
Nakuomba unirithi mimi.
Muulize yeyote Ngamiani, barabara ya kwanza hadi ya mwisho:
mama yako hajawahi kumaliza kazi
tarehe aliyoahidi.

Nawe wakikugongea,
wakisema siku imefika, toka,
wajibu kifundi.