Alama za Tairi, Isyonje

Ukungu wa Isyonje haupiti, unakaa.
Unakaa barabarani kama ng'ombe aliyechoka,
na saa moja asubuhi unachokiona ni taa mbili za njano
ambazo bado hazina lori.

Alhamisi ile lori lilizifuata taa zake:
Fuso la viazi, magunia ya lumbesa,
likishuka kuelekea Uyole;
na Mama Subilaga akivuka na ndoo ya maziwa kichwani,
taratibu, maana maziwa hayakimbizwi.

Lilisimama.
Hatua tatu kutoka kwenye kitenge chake, lilisimama.
Viazi havikusimama.
Gunia la juu liliruka paa la dereva,
likapasuka miguuni pa mama,
na viazi vikaendelea na safari ya Uyole,
kila kimoja kwa njia yake,
kwa kuwa hakuna aliyevikanyagia breki.

"Sura ya kwanza yote ndiyo hii," niliwaambia Kidato cha Tatu.
Nilikuwa nimewatoa darasani na futikamba ya fundi Anyosisye.
"Kitu kilicho mwendoni hakijui kwamba safari imekwisha
mpaka kiambiwe."
Gwakisa akauliza: kiambiwe na nani, mwalimu?
Lori, na lami. Viazi, na mtaro.

Tukapima mistari miwili myeusi:
mita thelathini na sita.
Bado kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua.
Kisha nikamwita dereva, kijana Lwitiko,
aliyekaa kwenye nyasi akiishika mikono yake
kana kwamba ni ya mtu mwingine.
Uliiona ndoo ukiwa wapi?
Akaonyesha jiwe lililopakwa chokaa, kule juu.

Kutoka kwenye jiwe hadi mistari ilipoanzia:
mita kumi na tisa.
Lami safi. Hakuna hata mkwaruzo.
"Hapa ulikuwa unafanya nini?"
"Hapa," akasema, "nilikuwa naona tu."

Miaka kumi na moja nimefundisha msuguano,
nimechora mishale ubaoni, mmoja mbele, mmoja nyuma,
na sikuwahi kuchora kuona tu.
Sekunde moja.
Mita kumi na tisa za kuona tu.

Turudi darasani, nikasema. Tugawe mwendo wake kwa mbili.
Kumi na tisa zikawa tisa na nusu.
Thelathini na sita hazikuwa kumi na nane;
zikawa tisa, maana breki hailipi mwendo,
inalipa mwendo uliozidishwa kwa mwendo.
Jumla: kumi na nane na nusu.
Angekuwa amesimama, injini ikinguruma,
kabla ya pale mistari ilipoanzia.

Halafu Gwakisa, bila kutumwa,
akaongeza kumi tu kwenye mshale wa spidi.
Akapata mita kumi na tatu zaidi.
Akaitazama namba ile.
Hatua tatu, tuliandika asubuhi. Hatua tatu.
Hakuipigia mstari. Akafunga daftari.

Sekela, anayezichukia namba,
aliandika jibu lake kwenye jalada la nyuma:

*Mwendo ukiuzidisha, mara mbili kukimbia,*
*Njia ya kusimamisha, mara nne hutimia,*
*Na mvua ikinyesha, tena maradufu tia,*
*Kabla mguu kushusha, sekunde ishaishia.*

Hakuonyesha njia. Nikampa alama zote.

Mvua za Aprili zimeisugua ile mistari, sasa haipo.
Mama Subilaga anavukia mahali pale pale;
anasema siku ile maziwa nayo yalimrukia usoni,
yeye alisimama, yenyewe yakaendelea kuvuka.
Anacheka akilisema hilo, kisha hacheki.

Mimi nikienda shuleni huhesabu hatua
kutoka kwenye lile jiwe,
kipande ambacho tairi haikuandika kitu.