Mikrogramu Kumi

Imefika Tabora kwa treni ya alfajiri,
ndani ya boksi la barafu lililoanza kutoa jasho:
kichupa kidogo kuliko jino la mtoto.
Nkwabi wa stoo akakiinua juani, "Mbona kitupu?"
Si kitupu. Kishike taratibu.

Ni protini ya binadamu
ambayo haijawahi kukaa ndani ya binadamu.
Ilifumwa kwenye seli za nondo, ng'ambo huko,
kwa herufi zilizonakiliwa kwetu.
Haina kitovu. Haina ukoo wa kuulizia.
Kazi yake moja: kuchukua fosfeti
na kumbandika jirani, jirani amwamshe jirani,
mpaka mwili wote uvimbe kwa habari.

Habari hiyo naijua.
Baba alirudi na asali kutoka porini Sikonge
jicho limefumba, mkono kama muhogo uliolowekwa,
anacheka: "Nyuki alishakufa zamani.
Hizi kelele ni za mwili wangu mwenyewe."

Saa nne umeme ukakatika.
Nikakikumbatia kichupa kwa barafu ya soda
niliyoazima kwa Nyanzala wa kantini.
Protini ikisahau mkunjo wake haikumbushwi.

Jenereta ikakohoa, ikawaka.
Nikadondosha gundi ya mzinga wa baba,
iliyoyeyushwa,
kishimo cha tatu, cha nne, cha tano.

Cha tatu kimenyamaza.
Cha nne kinabisha.
Cha tano sijakielewa; nitarudia kesho,
kama Nyanzala atakuwa na barafu.