Gego Asilolijua Mzazi

Kwa Kijapani huliita jino asilolijua mzazi,
kwani huota mama akiwa ameshaacha
kuchungulia kinywa.

La Fumika lililala ubavu ndani ya taya.
Daktari alilivunja vipande vinne,
akampa ndani ya kikopo cha plastiki
kama zawadi ya mtoto.

Hakodate, theluji. Ganzi inaondoka polepole,
mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni,
na nyuma yake maumivu
yanapanda sikioni, yanashuka shingoni,
yanabisha kwa mpigo wa moyo.

Usiteme. Usinywe kwa mrija.
Donge la damu likibanduka, mfupa utabaki uchi.
Siku ya pili shavu limeumuka kama andazi,
na usiku ni mrefu kuliko vidonge.

Siku ya tatu, bila kuitwa,
mama yake anashuka treni ya Aomori
na chungu cha uji wa mchele, kimefungwa kitambaa.
"Nani kakwambia?"
"Simu. Ulisema hujambo kwa upande mmoja."

Hebu fungua.
Anamulika kwa tochi, anatazama shimo,
uzi mweusi, ufizi unaojikunja kujifunga.
"Ya chini nilirusha juu ya paa,
ya juu nikatupa uvunguni mwa nyumba.
Yote ishirini nayakumbuka."
Anatikisa kikopo. Vipande vinagongana.
"Wewe sasa, nikutupe wapi?"

Fumika anacheka, nusu mdomo.
Inauma.
Uji umepoa kiasi cha kunyweka.