Mpaka wa Mtaa

Mpimaji kaja na ramani mpya
na buti ambazo hazijaonja tope.
"Mtaa wenu unaishia wapi?"
Kabugho hakuinua uso kutoka kwenye mihogo;
kisu chake kikaelekea mtoni, katikati,
pale maji yanapopasukia jiwe.

Pale ilikuwa nyumba namba thelathini na tisa.

Zilijengwa safu safu, bati juu, mlango mmoja,
enzi shaba ikishuka kutoka Kilembe
na king'ora kikiamsha hata kuku.
Thembo alitoka Bwera na godoro kichwani,
Obuya wa spana alitoka Tororo;
wakajifunza kugombana kwa Kiswahili,
maana kulia kila mtu alilia kwa lugha yake.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. King'ora kikafa.
Waliobaki wakapanda maharagwe kando ya reli.
Nyamwamba ukatazama tu, miaka thelathini na ushei,
kama mdai asiye na haraka.

Usiku mmoja wa Mei
ukaja ukisukuma mawe makubwa kama malori,
ukachukua safu ya kwanza, choo cha shule,
cherehani ya Masika na kitambaa cha watu ndani yake,
kitanda kikiwa kimetandikwa.

Mpimaji akaandika: mto.

"Andika na milango," Kabugho akasema.
"Kiangazi, maji yakipungua,
kizingiti chetu huonekana.
Mimi huvua viatu kabla ya kukikanyaga."