Sanduku Halikufunguliwa

Sizoni ya pili iliisha Jumamosi, saa tatu usiku,
na kwa mara ya kwanza tangu niijue
SNEL ilituachia umeme
hadi majina yote yalipomaliza kupanda kiooni.
Evaristo amezikwa. Donatila, pale kaburini, amecheka.
Amecheka! Kisha giza, kinanda, na tangazo la sabuni.

Tangu hapo saluni yangu ya Kadutu haina amani.
Vichwa vinakuja kusukwa, midomo inakuja kubishana.
Noela wa unga wa muhogo anasema ni sumu:
"Chai ilipelekwa na nani? Mama mkwe.
Na kikombe kilikuwa cha buluu.
Siku zote mzee yule alinywea cheupe."
Tukanyamaza.
Hatukukiona kikombe, sisi, tulikuwa tunalia.

Bisimwa, kijana anayetuuzia epizodi kwenye flashi,
anaapa ana binamu Bujumbura
mwenye rafiki aliyekwisha kuiona sizoni ya tatu yote,
na kwamba Donatila ana pacha.
Nikamchapa kwa kitana.
Pacha ni dawa ya mwandishi aliyeishiwa.
Tulipewa pacha katika ile ya daktari kipofu,
tukapewa pacha katika ile ya shamba la kahawa,
tumechoka watu kuzaliwa wawili wawili
kila pesa ya mtunzi inapokaribia kwisha.

Mimi nina yangu. Niliipata nikipanda ngazi za matope
na kidumu cha maji mgongoni:
viatu vya padri.
Rudisheni nyuma, dakika ya arobaini, mtazame chini ya kanzu.
Vile ni viatu vya Evaristo, vya kamba nyekundu.
Ndiyo maana mwanamke alicheka.
Noela anasema nimepagawa. Sawa.

Mama Nabintu husuka mistari sita tu, ya kurudi nyuma.
Beseni lake la sambaza hubaki mlangoni, limefunikwa kitenge,
na mwenyewe huketi kama aliyekuja kungoja mvua ikatike.
Hachangii. Sikujua hata kama anaitazama.
Jumanne, nikiwa kwenye utosi, akasema:

"Hakufa."

Nani?

"Sanduku halikufunguliwa.
Walisema udongo umeharibu uso, si vizuri kuangalia.
Lakini mke hakuulizwa.
Mke aliletewa kofia."

Noela akafungua mdomo aseme
kwamba Evaristo aliangushwa na farasi,
kwamba hakukuwa na udongo, wala kofia.
Nikamtazama ndani ya kioo.
Akaufunga.
Mitaa yote ya huku inajua machimbo yale,
na usiku ule wa mvua, na lori lililorudi polepole.

Bisimwa peke yake, mtoto wa watu, hakujua, akauliza:
"Basi atarudi epizodi ya kwanza?"

"Mapema mno," akasema Mama Nabintu.
"Kwanza watatuonyesha mtoto akianza shule.
Paa litavuja. Shemeji atakuja kudai kiwanja.
Atarudi katikati, siku isiyo na maana yoyote,
Donatila akifua.
Atauliza kama kuna chakula.
Na Donatila hatalia, msimsubiri alie.
Ataongeza maji kwenye sufuria."

Hakuna aliyebisha.
Vidole vyangu vilikuwa vimesimama, nikavikumbusha kazi.
Nje paka alikuwa ameshaonja kona ya kitenge
na hakuna aliyemfukuza.

Bisimwa akajikuna shingo.
"Ikitoka, mama, nitakuwekea wewe kwanza. Bila faranga."

"Usiniwekee," akasema, akisimama, akihesabu noti za mia mia.
"Tazama wewe.
Akirudi, uje uniambie tu
amevaa nini."

Akajitwisha beseni, akashuka kuelekea sokoni,
mistari sita ikimeta mafuta.

Tukakaa kimya kirefu, hata Noela.
Bado nasema ni viatu.