Safu ya Wadai

Juni imeingia Kurunegala na joto la chuma.
Nimepanga miji minne juu ya kaunta ya baba,
kati ya plagi za bajaji na kebo za breki:
Melbourne, Leeds, Halifax, Kuala Lumpur.
Kila mji na karatasi yake, kila karatasi na mstari katikati,
kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka.

Melbourne kuna shangazi Chandralatha,
chumba cha bure nyuma ya gereji
na sharti lisiloandikwa popote: mapacha wake, jioni zote.
Hilo nalitia wapi? Ni mapato, au ni dhima?
Leeds wananisamehe mitihani sita,
karo hawasamehi hata senti.
Halifax niliipendea picha,
theluji juu ya paa jekundu,
na ofisa aliyeandika jina langu lote bila kulivunja.
Kuala Lumpur ni saa tatu na nusu kwa ndege.
Mama anaitaka kwa sababu hiyo.
Sababu nyingine hana, wala hazitafuti.

Wakala wa Barabara ya Negombo,
yule mwenye tai ya zambarau, ananiambia,
"Nenda penye viza, dada. Hesabu ni hesabu kokote."
Moja na moja ni mbili kokote, sawa.
Lakini kodi ya kwao si ya kwetu,
na muhuri wa huku haufungui mlango wa kule.
Pasindu wa nyumba ya tatu alikwenda kusomea ukaguzi.
Sasa anakagua sahani, usiku, jikoni kwa watu,
na nyumbani anatuma picha za maghorofa.

Baba aliishia darasa la nane.
Hakuna aliyemfundisha kwamba mali bila daftari huisha bila habari;
alijifunza mwaka ule mdogo wake alipoondoka na ufunguo wa stoo.
Tangu hapo anaandika. Kila nati. Kila kikombe cha chai.

Leo maombi yanafungwa saa sita usiku
naye ndiyo kwanza ananiambia, "Nifungie mwezi."
Nafunga. Haufungi.
Rupia mia tatu na arobaini zimekwenda wapi?
Narudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa,
mpaka kwenye wadai:
mwenye matairi wa Colombo,
mwenye oili,
benki,
Thisari.

Nilizoea kujitafuta kwenye matumizi,
sare, miwani, masomo ya ziada.
Hapa nipo kwa wino wa bluu, nina miaka saba,
duka linadaiwa nami rupia mia mbili.
Mwezi uliofuata, mia mbili. Kisha mia tano.
Mwaka wa foleni za petroli: sifuri, sifuri, sifuri,
na pembeni, kwa penseli: *samahani*.

"Baba, umekosea safu. Mimi ndiye mdeni."
Anasugua kabureta kwa mswaki wa zamani, hainui kichwa.
"Daftari hujui kulisoma," anasema,
"na unataka kupanda ndege ukalisomee."

Najumlisha. Najumlisha tena, safari hii kwa kidole,
kama mtoto.
Leeds ni muhula mmoja na njaa.
Halifax ni theluji bila koti.
Melbourne ni tiketi, kisha mapacha.
Kuala Lumpur ni mwaka na nusu,
na likizo ya kuja kufunga mwezi usiofungika.

Saa tano na dakika hamsini. Nabonyeza.
Halifax naikunja mara nne, naitia
kwenye kopo la nati zisizo na bolti.
Sitaki kusema sikuumia.

"Bado mia tatu na arobaini," nasema.
Baba anavuta kiti, anavaa miwani yangu.
Tunazipata karibu na alfajiri:
kioo cha pembeni, kimoja, kwa mkopo,
mwenye tai ya zambarau.
Hajalipa.