Mchwa Wametangulia Kusoma

Kitabu kilikuja na sanduku la msaada:
maisha ya Don Evaristo Lanza,
seneta, waziri, rais mara mbili,
Amerika ya Kusini, enzi za farasi.
Bi Mwanakheri akakifungua Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili,
akakuta mchwa wametangulia kusoma.

Wamekula vita. Wamekula katiba,
hotuba, reli, mkopo wa Waingereza,
hata mkono uliotia saini.

Wamebakiza mama akiuza mikate mlangoni
na, mwishoni, barua ya uhamishoni:
“Nileteeni blanketi. Baridi ya huku haina adabu.”

Rafu ya Siasa imejaa.
Akakipachika kwenye Mama na Mtoto.

Kimeazimwa mara moja tu,
na muuza maandazi wa Chuda.
Hajakirudisha.